Kwa Kadiri Nijuavyo

Kisiba,
kwa sanduku la posta la shemeji Prosper, Tukuyu
12 Aprili 1994

Mpendwa Mwalimu Modesta,

Shikamoo. Ni mimi Sekela, yule wa dawati la nyuma uliyempa jina la Redio kwa sababu nilikuwa sizimiki. Najua utaanza kwa kunigombeza kwamba tangu uhamishiwe Tabora sijaandika hata mstari. Gombeza, halafu tuendelee.

Niliolewa mwaka juzi huku Kisiba, kwenye kilima kilicho juu ya ziwa. Mume wangu Ezron yuko Chunya anatafuta dhahabu, na kila mwezi anasema atarudi mwezi ujao. Mimi nalima, nachuma chai, na tumbo linaanza kuonekana. Kiingereza chako nakisema na mbuzi tu, nao hawajibu.

Sasa kuna habari. Siku hizi wageni wa nje wanamiminika kutafuta mahali pa kuweka mitaji yao, na mmoja ameupenda mteremko wetu unaoshuka ziwani. Anataka kujenga hoteli ya watalii. Mteremko huo ni wa baba mkwe. Anayemzungusha mgeni ni Prosper, kaka yake Ezron, mwenye duka la mitumba mtaa wa Bagamoyo, hapo mjini Tukuyu. Prosper ameniomba niwe mkalimani siku mgeni atakapokuja kuzungumza na mzee. Nilishangaa, maana mimi na baba mkwe hatuonani.

Mwalimu, wewe uliishi mjini, kwa hiyo ngoja nikueleze. Huku kijijini, kwenye familia zinazoshika mila, mke hamtazami baba mkwe wake, na baba mkwe naye hamtazami. Nikimsikia njiani naingia kwenye migomba nampa mgongo mpaka apite. Jina lake silitamki na hata hapa siliandiki. Tangu niolewe sijauona uso wake. Najua sauti yake tu, kwa sababu kila alfajiri anaimba wimbo mmoja wa kanisani, katikati anakohoa, halafu anaumalizia ubeti pale alipouacha. Yeye anakaa nyumba ya juu, sisi nyumba ya chini. Mama mkwe alishafariki, kwa hiyo mimi ndiye ninayempikia, na dada yake, shangazi Agness, ndiye anayempelekea. Sahani ikirudi haijawahi kurudi tupu. Utakuta parachichi, au ndizi mbivu mbili, au kiazi kilichochomwa kikiwa bado cha moto. Ndivyo tunavyozungumza, na nakwambia ukweli, nampenda sana mzee huyu.

Prosper anasema hakuna shida, nitakaa nje nyuma ya ukuta wa mianzi, nitasikia na kutafsiri.

Ila mgeni mwenyewe ananitisha. Nilikutana naye dukani kwa Prosper, na kila akifungua mdomo anasema "as far as I know". Barabara imeharibika, as far as I know. Ziwa lina kina kirefu, as far as I know. Ulitufundisha, nami nimesahau. Yanatumikaje maneno haya katika mazungumzo ya kila siku? Niandikie mifano, nisije nikaaibika mbele za watu.

Mwanafunzi wako,
Sekela


Tabora
27 Aprili 1994

Redio,

Marahaba. Umegombezwa, tuendelee.

Maneno hayo ni rahisi. Kwa Kiswahili tungesema kwa kadiri nijuavyo. Mtu anakuuliza jambo, na wewe unalijua kipande tu. Unampa kile kipande, na papo hapo unamwonyesha kinapoishia. Kwa kadiri nijuavyo, treni ya Kigoma inaondoka jioni: yaani nimesikia hivyo, ukiikosa usije kulia mlangoni kwangu. Kwa kadiri nijuavyo, mkuu wetu wa shule hana mpango wa kustaafu: hapa unaongeza na kupumua kwa nguvu. Kwa kadiri nijuavyo, wali umeiva: hii ni ya mpishi asiyetaka lawama.

Kitu kimoja tu usikosee. Maneno haya hayatumiki kwa jambo uliloliona kwa macho yako. Huwezi kusimama umelowa chapachapa ukasema, kwa kadiri nijuavyo, mvua inanyesha. Ulichokiona unasema nimekiona, basi.

Kazi hiyo ichukue. Msichana mwenye Kiingereza kama chako kuongea na mbuzi ni hasara kwa taifa. Lakini hilo la kujificha kwenye migomba limenichekesha mpaka wenzangu wakauliza nimepatwa na nini. Sisi Wahaya nasi tuna mambo yetu na wakwe, ila kukaa na mtu miaka miwili bila kumjua sura! Na mbona Prosper akutake wewe? Tukuyu imejaa walimu wa Kiingereza wanaoweza kumtazama mwenye shamba usoni.

Niandikie sentensi zako nizisahihishe. Ziwe za nyumbani kwenu, sitaki John na Mary wa kwenye vitabu.

Mwalimu wako,
Modesta


Kisiba
15 Mei 1994

Mpendwa Mwalimu,

Shikamoo. Nilimuuliza Prosper swali lako. Akacheka, akasema mambo ya familia hayapelekwi kwa walimu. Akanipa kitenge kizuri cha kuvaa siku hiyo, ingawa atakayeniona ni ukuta.

Sentensi za Kiingereza ziko kwenye karatasi ya pili. Hapa nakuandikia maana yake, ili uone kama nilichosema ndicho nilichotaka kusema.

Kwa kadiri nijuavyo, baba mkwe hataki kuuza. Hili nililisikia nikiwa shambani. Prosper alipanda nyumba ya juu, na baada ya muda nikasikia mzee akipaza sauti kwa Kinyakyusa. Alisema mke wake amelala kwenye mteremko ule, na baba yake amelala pale pale, na hawatakanyagwa na watu wanaokuja kunywa bia. Prosper alishuka. Alinipita bila salamu, jambo ambalo si kawaida yake, maana huwa ana maneno matamu kwa kila mtu.

Kwa kadiri nijuavyo, baba mkwe anaumwa kifua. Wiki iliyofuata Prosper alikuja na pikapu akamchukua kumpeleka hospitali.

Kwa kadiri nijuavyo, amerudi. Nilikuwa napalilia pikapu ilipopita, nikageuka kama kawaida, kwa hiyo nilisikia mlango tu ukifungwa. Prosper anasema daktari amegundua kifua kikuu, na amekataza mtu yeyote kuingia. Wazee wa kanisa walikuja kuomba, wakaombea uani wakaondoka. Hata wimbo wa alfajiri hauimbwi tena. Prosper anasema mapafu hayaruhusu.

Kwa kadiri nijuavyo, shangazi Agness yuko Kyela anavuna mpunga kwa binamu zake. Aliondoka kabla mzee hajarudi. Prosper alimpa nauli na kumharakisha mpaka akasahau kanga zake kwenye kamba.

Sasa chakula napeleka mwenyewe. Naweka mlangoni, nabisha, nakimbia. Baadaye naenda kuchukua sahani, nakuta imelambwa mpaka inang'aa. Lakini haina kitu, Mwalimu. Wala parachichi, wala ndizi, na mti wa parachichi uko hapo hapo mlangoni kwake umejaa. Naandika sentensi ya mwisho na utaniona mtoto: kwa kadiri nijuavyo, baba mkwe hajanikasirikia.

Nimemwandikia Ezron kuhusu ugonjwa wa baba yake. Hajajibu. Barua zetu zote zinapitia sanduku la Prosper, labda zinachelewa.

Wako,
Sekela


Tabora
29 Mei 1994

Redio,

Safi. Kwenye karatasi ya pili umekosea mara mbili tu, na makosa yenyewe ni ya haraka. Nimeyapigia mstari.

Usiumie kwa ajili ya parachichi. Mgonjwa wa kifua ana njaa ya ajabu, na kila tunda atalimaliza mwenyewe. Akipona atakurudishia gunia zima.

Kuhusu mgeni, nakupa ushauri mmoja. Mkalimani hujikuta akiulizwa mambo ambayo si yake. Mgeni akikuuliza jambo usilo na hakika nalo, jibu na uweke maneno yale mbele. Likiharibika baadaye, hakuna atakayekushika wewe.

Tuna mitihani, nakatisha hapa. Kula vizuri, uko wawili.

Modesta


Kisiba
19 Juni 1994

Mpendwa Mwalimu,

Shikamoo. Nimefanya kazi yako vizuri na bado sina raha.

Mgeni alikuja jana na Prosper. Ukungu ulikuwa mzito, hata ziwa halikuonekana. Wao waliingia ndani, mimi nikakaa kwenye kigoda nje ya ukuta, nikiwa na kitenge kipya na kanga kichwani. Ndani mlikuwa na giza, Prosper alisema macho ya mzee yanaumizwa na mwanga. Mgeni alieleza kwa adabu habari za hoteli yake, ajira za vijana na maji ya bomba. Nikatafsiri kwa sauti kwa Kinyakyusa. Mzee akajibu kwa sauti ndogo ya kukwaruza: nimekubali, chukueni, mimi ni mtu wa kufa.

Prosper akagonga mianzi kwa kidole kunihimiza. Nikatafsiri.

Mgeni si mtu mbaya. Alitoka nje, akachutama mbele yangu, akaniuliza polepole kama mzee anakubali kwa hiari yake mwenyewe, bila kusukumwa. Prosper alisimama nyuma yake akinitazama. Nikasema, "As far as I know, yes." Mgeni akafurahi, akaniambia Kiingereza changu ni kizuri sana. Atarudi baada ya Nanenane na hati, mzee aweke dole gumba, kazi iishe.

Mwalimu, yule mzee aliyepaza sauti kwa ajili ya kaburi la mkewe amekubali kwa maneno machache namna ile. Najiambia ugonjwa unabadilisha mtu, hata sauti yake. Lakini nilikaa pale nje tangu mgeni aanze mpaka amalize, na hakukohoa hata mara moja.

Prosper aliniambia niache kwenda kliniki Lufingo, eti njia ina utelezi. Ezron bado kimya. Sahani bado inarudi tupu.

Nisahihishe kama maneno nimeyatumia vibaya.

Sekela


Tabora
2 Julai 1994

Sekela mwanangu,

Nimeacha karatasi za mitihani mezani ili nikuandikie. Nimezitoa barua zako zote nikazisoma tena, safari hii si kwa kalamu nyekundu.

Mgonjwa wa kifua kikuu gani asiyekohoa? Na tangu pikapu irudi, ni nani amemwona baba mkwe wako? Shangazi amepelekwa Kyela. Wazee wa kanisa waliombea uani. Mgeni hakuwahi kumjua, na alimwonea gizani. Wewe unabisha na kukimbia. Hakuna hata mtu mmoja anayemfahamu mzee huyo aliyeingia katika chumba kile, isipokuwa Prosper.

Niliuliza mwanzoni kwa nini akutake wewe, halafu nikaliacha swali kama mpumbavu, nikafundisha sarufi. Prosper hakukuchagua kwa sababu ya Kiingereza chako. Alikuchagua kwa sababu wewe huwezi kuinua macho, na hakuna mtu Kisiba nzima atakayeuliza kwa nini hukuinua. Mwalimu mwingine yeyote angeingia ndani akamsalimia mzee kwa mkono.

Na kuhusu sahani, nakwambia sasa nilichopaswa kukwambia Mei: mtu anayekula chakula chako hajui kwamba sahani hairudi tupu.

Kama huyo si yeye, basi yeye yuko mahali, na wanamhitaji awe kimya mpaka hati ipite. Baada ya dole gumba hilo kuwekwa, sijui watakuwa na haja gani naye. Ningetaka nikosee. Lakini Nanenane si mbali. Inua macho, Sekela. Ingia ukamtazame.

Modesta


Tukuyu
14 Julai 1994

Kwa Mwalimu Modesta,

Salaam nyingi kutoka Rungwe yenye baridi. Hatujuani, mimi ni Prosper, shemeji yake Sekela. Barua yako ya tarehe mbili ilifunguka kwa bahati mbaya ndani ya sanduku langu la posta. Nimeisoma kwa kuwa ilikuwa imeshafunguka.

Mwalimu, nakuheshimu kama msomi. Lakini umekaa mbali, na mtu wa mbali huona mambo makubwa kuliko yalivyo. Baba yangu ni mgonjwa, mimi mwanawe ndiye ninayemuuguza. Mila zetu ulizikuta na umeziacha, tafadhali usizichezee. Kumwambia mke wa mtu akamtazame baba mkwe wake kitandani ni matusi, na kwa wazee wetu ni laana. Nimeona ni hekima barua hiyo isimfikie.

Sekela anachoka siku hizi. Mimba ni kubwa, njia za huku zina utelezi, na ziwa liko karibu sana na nyumba. Naona unayapenda maneno ya kwa kadiri nijuavyo, basi nami nikuambie: kwa kadiri nijuavyo, hajapatwa na jambo lolote baya mpaka leo. Sote tungependa iendelee hivyo. Akisumbuliwa na barua za kumtia wasiwasi, mimi sitakuwa na la kufanya.

Usijibu. Nina safari nyingi za Mbeya kufuata marobota na sanduku silifungui mara kwa mara.

Ni mimi katika ujenzi wa taifa,
Prosper


Tabora
22 Julai 1994

Sekela,

Barua hii imetoka mkononi mwa nesi Marietha, na unaisoma chumbani kwake. Marietha ni wa kwetu Bukoba, tulikuwa jirani Tukuyu, na sasa yuko hapo zahanati ya Lufingo. Nimemwomba aje mwenyewe Kisiba kukufuata kwa kisingizio cha kliniki, na asikuachie karatasi hii. Ukiisha kuisoma aichome.

Prosper alifungua barua yangu ya mwisho. Nilikuambia ndani yake kwamba aliye nyumba ya juu huenda si baba mkwe wako. Ameniandikia barua ya adabu sana, na nimeiogopa kuliko kama angenitukana. Ametaja mimba yako, na ametaja ziwa. Barua yake ninayo. Nimeandika nakala yake kumpelekea Ezron kupitia mchungaji mmoja wa Chunya, ili isipite kwenye sanduku lile.

Niliicheka mila yenu. Sitaicheka tena, na bado nakuomba uivunje mara moja. Ukiona ni mzee wako, piga magoti uombe radhi, na laana iwe juu yangu niliyekutuma. Ukiona siye, usipige kelele, usiulize kitu, toka hapo uende kwa Marietha.

Nakulilia, mwanangu.

Modesta


Tukuyu, hospitali
5 Agosti 1994

Mpendwa Mwalimu,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje ya wodi ya wanaume. Naandikia juu ya goti, samahani kwa mwandiko.

Nilikaa na maneno yako siku kadhaa bila kuthubutu. Halafu Jumatatu nilipika mbalaga ya maziwa, zile ndizi anazozipenda baba mkwe, nikapanda nayo. Sikubisha. Niliusukuma mlango kwa goti.

Alikuwepo mzee amekaa kitandani, blanketi mabegani, redio ndogo mapajani. Utauliza ningemtambuaje, wakati uso wa baba mkwe siujui. Hata mimi nilijiuliza hivyo njia nzima. Mwalimu, hakugeuka. Alinitazama usoni moja kwa moja, akatabasamu, akanyoosha mikono kupokea sahani, akasema, "Ndaga, asante mama, leta." Alisahau kwamba mimi ni mkwe wake. Baba mkwe wangu angejitupa ukutani, angejifunika blanketi, angepiga ukelele wa aibu mpaka kijiji kisikie. Huyu alikuwa mtu tu anayeletewa chakula.

Nikaiweka sahani chini. Nikavuta kanga usoni, nikampa mgongo na kutoka kwa kuinama kama mkwe mwema, ili asijue kwamba nimejua. Nilipofika kwenye migomba nikashika njia ya Lufingo kwa Marietha.

Marietha hakuuliza mengi. Tulifikiri pamoja: mzee aliondoka na pikapu kwenda Tukuyu, na pikapu ikarudi na mtu mwingine. Basi aliishia Tukuyu. Siku ya soko tukateremka, Prosper akiwa Mbeya. Mke wake hayupo siku hizi, alirudi kwao, na dukani anauza msichana mmoja asiyejua lolote. Nilijifanya nachagua nguo za mtoto kwenye rundo la nje, nikazunguka mpaka nyuma, kwenye stoo ya marobota. Mlango una kufuli mbili. Nikaegemeza sikio. Mwanzoni hakuna kitu. Halafu nikasikia kikohozi, na baada ya kikohozi sauti nyembamba ikaendelea na ubeti pale ulipokuwa umekatika.

Nilitamani kuuvunja mlango kwa meno. Marietha akanishika mkono, akaniacha pale na kwenda polisi, akarudi na askari wawili na nyundo.

Ndani mlikuwa na harufu ya dawa ya nguo na mkojo. Alilala chini kati ya marobota, amevikwa koti la kizungu la mitumba, amekonda mpaka koti limekuwa kubwa kama hema. Askari akamulika tochi. Mzee hakuutazama mwanga. Aliuona mguu wangu mlangoni, akaona pindo la kitenge, akajua ni mwanamke wa nyumbani kwake. Akajikokota. Hana nguvu ya kunyanyua kikombe, lakini alijikokota, akageuza uso wake ukutani, akavuta gunia akajifunika kichwa.

Askari akaniuliza, ndiye huyu? Nikasema ndiye. Akaniuliza nina hakika gani, kwani si nimetoka kuwaambia sijawahi kumwona? Nikasema yule wa Kisiba alinitazama.

Nilikaa chini nikampa mgongo. Nikamimina maji, nikakisogeza kikombe nyuma yangu kwa mkono, polepole, mpaka nikasikia vidole vyake vikikigusa. Marietha ndiye aliyemshika kichwa anywe. Mimi niliitazama barabara nikilia kwa sauti, na watu wa soko wakajaa.

Yule wa nyumba ya juu wamemkamata. Ni mlinzi wa stoo hiyo hiyo. Prosper hajaonekana tangu siku hiyo, na pikapu haijapatikana. Shangazi Agness alifika juzi, na Ezron ametuma simu kwamba yuko njiani, barua ya mchungaji ilimfikia. Usiku tunalala kwa Marietha, na mlango tunauwekea meza. Mgeni amekuja hapa hospitali akiwa mweupe kwa hofu, anasema hakujua, na mimi namwamini. Lakini vigingi vyekundu alivyopigilia kupima eneo bado vimesimama kwenye mteremko, hadi ndani ya kaburi la mama mkwe, kwa sababu kila ofisi inasema kung'oa si kazi yake.

Polisi walitaka maelezo yangu kwa maandishi. Walipouliza jina la mwenye shamba nilitikisa kichwa, askari akadhani silijui. Nikaomba kalamu. Nikaandika mwenyewe: Ambindwile. Sikulitamka. Hati ile ya uongo ilikuwa tayari na jina hilo, basi nikaona ya kweli nayo iwe nalo.

Daktari hatoi ahadi. Kifua ni kibovu kweli, si uongo wa Prosper tena, na mwili umeisha. Kila asubuhi napika kwa Marietha, shangazi anaingiza wodini. Juzi sahani ilirudi na chakula chote. Jana ilirudi na nusu ya chakula. Mimi huwa nasubiri hapa hapa kwenye benchi, na nikiona shangazi anatoka nashindwa kuangalia mikono yake.

Ukiniuliza kama atapona, Mwalimu, nitakujibu kwa yale maneno yako, kwa sababu hapo ndipo ninapoishia kujua.

Lakini sahani ya leo nimeiona kwa macho yangu. Kuna mtu wa kanisa alimletea chungwa. Amekula nusu. Nusu nyingine ilikuwa kwenye sahani, imefunikwa na bakuli isikauke.

Mwanao,
Sekela